Somo Nililolinywa

Juzi kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, hapa Tanga mjini, nilipewa kazi ya zafarani. Wanaopika biriani wanajua kazi hiyo haipewi kila mtu. Unaziloweka nyuzi kwenye kikombe chenye marashi ya mawaridi, unafunika, unaziacha ziteme rangi taratibu, na kabla sufuria halijapaliliwa makaa unanyunyizia juu ya wali. Kosea kidogo na wakwe watakusema mpaka wajukuu. Basi nilifunika kikombe changu kwa kisahani, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikasubiri. Nilipofunua, ile harufu ikanipanda puani, na mimi mtu mzima, karani wa mahakama, mwenye miwani na presha, nikajikuta niko Mwera, upande wa Pangani, kwa Bibi, mtoto wa miaka tisa au kumi, kifua kinapiga mluzi na sahani nyeupe iko mapajani mwangu.

Nilikuwa mtoto wa kifua. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka tulivyoitwa wakati ule, kabla watu hawajazoea kutamka neno pumu. Mtoto wa kifua hachezi rede, hafagii, hakai karibu na moshi, na akicheka sana mtu mzima humwambia inatosha sasa. Shule ilikuwa upande wa pili wa mashamba ya mkonge, na njia yake kiangazi ilikuwa vumbi tupu. Nilianza darasa la kwanza kama watoto wote. Wiki haijaisha nikarudishwa nyumbani nimebebwa mgongoni na kijana wa kambi ya mkonge, midomo imebadilika rangi. Bibi alinipokea, akanilaza, akasema huyu haendi tena mpaka kifua chake kitulie, na kusoma atasomea hapa hapa. Mama yangu alikuwa Muheza kwenye biashara ya machungwa, anakuja mwisho wa mwezi na gunia lake. Alilia kidogo, akakubali.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Bibi, na nampenda kwa hilo kuliko kwa vitumbua vyake, na vitumbua vyake vilikuwa vinajulikana hadi Pangani. Bibi alizaliwa Pemba, akaletwa huku na ndoa. Alijua kusoma na kuandika vizuri sana, ila kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili chetu hiki hiki, cha nazi na samaki na majirani, alikiandika kwa herufi hizo, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wake ukitembea bila kusimama. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na ndivyo alivyonifundisha mimi, kwa ubao wa mti, kalamu ya tete na wino wa masizi. Tukimaliza tunauosha ubao, tunauanika juani. Siku nikiwa mgonjwa ananisomesha kitandani kwa mdomo: hadithi, majina ya nyota, mambo ya mitume, namna ya kumpa mgeni pole. Kusema kweli nilikuwa najua mambo mengi. Tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nayajua kwa upande wa kulia.

Sasa kuna jambo la kombe, maana bila hilo hamtanielewa. Kifua kikibana kweli kweli Bibi alinipeleka hospitali Pangani, na tukirudi na dawa zetu alimwita maalim wa chuo cha Kurani aje aniandikie kombe. Kwake yeye vitu hivyo viwili havikuwahi kugombana. Maalim alikuwa anatia udhu, anachovya kijiti kwenye zafarani iliyolowekwa, anaandika aya juu ya sahani nyeupe, mstari chini ya mstari, pole pole, hasemi na mtu. Bibi alikuwa amenikataza hata kukohoa wakati ule. Akishamaliza anamimina maji, maandishi yanaachia, yanazunguka, yanakuwa njano, nami naletewa kikombe nanywa mpaka tone la mwisho. Lilikuwa na harufu ya waridi na uchungu wa mbali. Nikapata usingizi, nikaamka nafuu.

Hebu mwekeni mtoto katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka, muone atafikia wapi. Mimi nilifikia kwamba maandishi yako ya namna mbili. Kuna ya kusoma, ambayo yanapita machoni na kwenda zake. Na kuna ya kunywa, ambayo yanaingia mwilini, yanakaa, na mtu anaamka si yule wa jana. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona mwenyewe, na nilikuwa na ushahidi.

Nilipofikia umri wa darasa la nne kifua kilikuwa kimeanza kutulia, nikarefuka ghafla, na Bibi akaona wakati umefika. Akanivalisha gauni la Idd, akajifunga kanga mpya, tukaenda shuleni pole pole tukipumzika njiani. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mstaarabu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike jina langu na maneno mawili matatu ya nyumbani kwetu.

Herufi za shule nilikuwa nazijua kwa sura. Nilizisoma kwenye maboksi ya sabuni na kwenye magunia ya sukari, na Bibi alikuwa akiniuliza zinasemaje ili naye ajue. Basi nikajitahidi. Nikaanzia kulia. Nilipogundua kwamba herufi zinaangalia upande wa pili nikarudi kushoto, mistari ikapishana, maneno nikayabananisha yote pamoja, hakuna herufi kubwa, hakuna alama, hakuna pa kuanzia wala pa kuishia. Mwalimu mkuu aliigeuza ile karatasi juu chini, akaigeuza tena. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Mama, huyu mtoto hajui kuandika. Miaka yote hii imepotea."

Alisema angeniweka darasa la kwanza. Mimi, na miguu ile, nikae na watoto waliokuwa bado wanang'oka meno ya utotoni. Bibi hakubishana. Aliuliza tu kama hakuna njia nyingine. Mwalimu mkuu akafikiri, akasema shule zinafungwa wiki hiyo. Zikifunguliwa nirudi, ataniandikisha insha ya ukurasa mmoja hapo hapo ofisini. Ikisomeka, nitaingia la nne na wenzangu. Isiposomeka, la kwanza.

Njia nzima ya kurudi Bibi hakusema kitu. Kawaida yake alikuwa mtu wa kusemesha hata mbuzi wa watu. Tulipofika akaenda moja kwa moja kwenye ubao wangu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akauchukua, akaufuta kwa kanga yake ilhali ulikuwa mkavu na msafi, akaurudisha. Nikaelewa. Aliyefeli pale ofisini si mimi, ni Bibi. Yale maneno kwamba miaka imepotea alikuwa ameyachukua yeye mwenyewe na kwenda kuyaficha kifuani. Basi nikajiapia kwamba insha ile lazima isomeke, hata kama sijui itasomekaje.

Kwenye nyumba za kambi ya mkonge aliishi mama mmoja Mshambaa, mke wa mtunza stoo, akiitwa Mwalimu Naemi. Alikuwa Mlutheri wa huko Lushoto, aliwahi kufundisha watoto wadogo kabla hajamfuata mumewe pwani, na hakuacha kuitwa mwalimu. Alikuwa mteja wa vitumbua vya Bibi. Alfajiri moja Bibi alimfungia vitumbua vyake, akakataa kumkabidhi kwanza, akamweleza habari yangu yote. Mwalimu Naemi akasema aletwe kila siku baada ya chakula cha mchana, na Bibi mwenyewe aje pia, kwa sababu hataki kumchukua mtoto mikononi mwa aliyemlea. Nililisikia neno hilo na sikulitilia maanani. Leo naona kwamba lote lililofuata lilitoka hapo.

Tukawa tunakaa kibarazani kwake. Mimi na Mwalimu kwenye meza, Bibi mlangoni kwenye mkeka, anasuka ukili na kujifanya hasikilizi. Siku ya kwanza nikafungua daftari kwa nyuma, kama tulivyozoea, nikaanza kuandika ukurasa wa mwisho. Mwalimu Naemi akaliangalia, akanigeuzia, kesho yake nikafungua tena kwa nyuma. Herufi kubwa nazo zilinitia uchungu. Nilimuuliza kwa nini M ya Mwera ivae kilemba na m ya mama yangu iende kichwa wazi. Kwenye herufi za Bibi wote walikuwa sawa. Na nukta ndiyo ilinishinda kabisa. Nukta zote nilizozijua zilikuwa na wenyewe: hii ya ba, hizi mbili za ta, na ukiikosesha herufi nukta yake umeidhulumu. Sasa naonyeshwa nukta imeketi peke yake mwisho wa mstari, haiko juu ya mtu wala chini ya mtu. Nikauliza hii ni ya nani. Bibi kule mlangoni akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Mwalimu Naemi hakucheka. Alifikiri kwanza, ndiyo tabia yake. Akaniambia nukta ni mahali pa kupumulia.

"Wewe Zuhura unajua pumzi ikikatika inakuwaje," alisema. "Sasa anayekusoma naye ana kifua. Usimkimbize mpaka akafa. Mwambie wapi apumue."

Kama kuna maneno ya shule niliyowahi kuyaelewa kwa mwili mzima, ni hayo. Ila kuelewa ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Nikishika kalamu mkono unakwenda mbio zile za Bibi, bila kusimama, na nikimaliza ukurasa mzima hauna pa kuvuta pumzi. Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu, mimi naandika upya, nukta zimesahaulika tena. Likizo ikawa inaisha. Siku moja, wakati anadhani niko uani nakunywa maji, nikamsikia anamwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto ana akili sana. Lakini sijui kama tutafika." Bibi akajibu kwamba Mungu ndiye mwenye kufikisha, ila sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nikarudi nyumbani nimeshakata shauri. Nilijua ugonjwa wangu ni nini. Masomo ya Mwalimu Naemi nilikuwa nayasoma tu. Yanapita machoni yanakwenda zake. Dawa yake ilikuwa inajulikana nyumba nzima.

Kesho yake Bibi aliposwali adhuhuri na kujilaza kidogo kabla hatujaondoka, nikachana ukurasa wa daftari wenye masomo yote, nikauweka kwenye bakuli, nikamimina maji. Nikangoja. Wino wa bairo haukutoka. Nikausugua kwa kidole. Karatasi ikaanza kuchanika na wino umeng'ang'ania pale pale. Jamani, sijui nitawaelezaje hofu niliyoipata. Niliona kama maneno ya Mwalimu yamenikataa waziwazi, yamesema kwa huyu hatuingii.

Ikabaki zafarani. Bibi alikuwa na kichupa chake, anakitunza kwenye sanduku kwa ajili ya Idd na kwa ajili ya kombe. Nikakichukua. Nikaloweka nyuzi kidogo, nikanawa mikono na uso, nikatia udhu wote nilioujua, nikakaa chini nikielekea kibla kwa tahadhari, nikaweka sahani nyeupe mapajani. Nikaandika kwa kijiti alivyokuwa akiandika maalim, herufi moja moja, sipumui. Niliandika somo la herufi kubwa. Nikamimina maji, nikazungusha, nikanywa yote. Nikaifuta sahani, nikaanza somo la nukta. Ndipo mlango ukatiwa kivuli.

Alikuwa Bibi. Aliona kichupa, akaona kikombe, akaona sahani ina maandishi ya zafarani yasiyo ya Kiarabu. Nilimwambia kila kitu kabla hajaniuliza, hata la karatasi iliyokataa. Nikamwambia nataka yaniingie ili yule mwalimu mkuu asiseme tena miaka imepotea. Nilikuwa nalia na kifua kimeanza mluzi wake. Bibi akanipangusa uso, akaniwekea mkono mgongoni mpaka nikatulia. Kisha akaichukua ile sahani kwa mikono miwili, akaifunika kwa kawa ili upepo usiikaushe vibaya, akaniambia twende.

Nilidhani tunakwenda kuadhibiwa wote wawili. Mwalimu Naemi alikuwa ameshatandika meza. Akamwamkia Bibi, Bibi akaitika marahaba, akaiweka sahani juu ya meza, akaifunua. Akasema huyu mtoto ameandika somo lako kwa zafarani ili alinywe, na moja ameshalinywa. Mwalimu Naemi akashika mdomo. Nilimwona rangi inamtoka. Alikuwa mgeni pale, wa dini nyingine, na mtoto wa Kiislamu amenywa maneno yake kama aya. Nyinyi mnajua neno kama hilo likitembea kambini lingefika wapi.

"Mama, Mungu ni shahidi wangu, mimi sikumfundisha hivyo."

"Najua," Bibi akasema. "Nimemlea mimi, najua kalitoa wapi. Mie nakuuliza kimoja tu, maana herufi zako sizijui. Kaandika sawa?"

Mwalimu akainama. Akaiinua sahani kwenye mwanga wa kibarazani, akaizungusha kidogo, akasoma kwa sauti: Sentensi huishia kwa nukta. Nukta ni mahali pa kupumulia. Akasoma tena kimya kimya, kidole kinafuata bila kugusa. Mimi naangalia miguu yangu.

"Hakuna kosa, Mama," alisema. "Hata moja."

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kwa nini kwenye daftari naziacha nukta na hapa zote zipo, na herufi kubwa zipo, na maneno yameachana vizuri. Swali lenyewe lilinishangaza. Nikamjibu hii ilikuwa ya kunywa. Ikiwa na kosa ingeniingia na kosa lake.

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka kwanza puani, akajizuia, akashindwa, na Mwalimu Naemi akamfuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega, mmoja ana kanga imemtoka kichwani. Nilipoona kumbe hakuna kuchapwa na mimi nikacheka, bila kujua tunacheka nini. Walipotulia Bibi akaniweka sawa, na aliniweka sawa barabara. Akaniambia yanayonywewa ni maneno ya Mwenyezi Mungu peke yake. Ya wanadamu yanasomwa tu, wala hayana haja ya sahani, na kichupa chake nisikiguse tena. Akaosha sahani yeye mwenyewe, maji akayamwaga penye mrihani wa Mwalimu. Hakuniachia hata tone.

Mwalimu Naemi akanipa daftari. Akalifungua mwenyewe kwa mbele.

"Usinywe," aliniambia. "Lakini kuanzia leo andika kama unaandika ya kunywa."

Sitawadanganya kwamba kesho yake niliamka bingwa. Ila mkono ulikuwa umepata sababu ya kusimama. Kila neno nililitazama mara mbili kama litanidhuru. Kila nilipotaka kuvuta pumzi nilitia nukta. Na Mwalimu Naemi naye akabadilika. Akamwomba Bibi amwonyeshe herufi zake, apate kuelewa mkono wangu unatokea wapi, na siku zilizobaki zikawa hivi: mimi nafundishwa na Mwalimu, halafu Mwalimu anafundishwa na Bibi, na mimi ndiye ninayewacheka. Aliandika ba yake kubwa na nene, anaanzia kushoto. Bibi anamgeuzia mkono bila kusema kitu.

Siku ya insha tulikwenda watatu. Wao wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi, mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto. Mwalimu mkuu akanipa karatasi, akasema niandike kuhusu nyumbani kwetu, kichwa kile kile cha mara ya kwanza. Kifua kilinibana pale pale. Nilisikia mluzi unaanza, nikaogopa kwamba nitabebwa tena mgongoni mbele ya Bibi. Nikaweka kalamu chini, nikavuta pumzi taratibu kama tulivyofundishwa hospitali, nikaishika tena. Nikaanzia kushoto.

Niliandika kuhusu Bibi anavyoamka kabla ya watu, chuma cha vitumbua kinavyolia kikitiwa mafuta, ubao wangu unavyonuka ukianikwa. Niliandika kwamba kwetu kuna watu wawili na ugonjwa mmoja, na kwamba ugonjwa umeshaanza kuhama. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikatia nukta, nikaiangalia, nikampa.

Alianza kuisoma kimya. Katikati akaanza kuisoma kwa sauti, si kwangu, kwa nafsi yake, na hapo ndipo likatokea jambo ambalo hata leo likinijia nasisimka. Nilimsikia anapumua. Mtu mzima, mwalimu mkuu mwenye kalamu mfukoni, alifika kwenye nukta yangu akapumua. Akaendelea, akafika nyingine, akapumua tena. Nilimwambia apumue wapi, naye akafuata. Nilitamani Bibi aone, nikakumbuka kwamba yuko mlangoni na anasikia.

Mwalimu mkuu aliweka karatasi mezani, akaniuliza nani aliyenifundisha kuandika hivi. Wote wawili walikuwa pale kwenye benchi. Nikimtaja Mwalimu Naemi, nimeipoteza ile miaka ya Bibi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikimtaja Bibi, nitakuwa nimemdhulumu aliyenikalia kibarazani likizo nzima. Nikabaki naangalia mlangoni, na Mwalimu Naemi akasimama kabla sijasema chochote.

"Ni bibi yake huyu hapa," alisema. "Mimi nilikuja kutia nukta tu."

Mwalimu mkuu akamtazama Bibi. Kisha akatoka kwenye kiti chake, akaja mpaka kwenye benchi, akamwambia, "Mama, ile kauli yangu ya siku ile, nakuomba uniachie hapa hapa." Bibi akamjibu nshaiacha, mwanangu, akajifunga kanga vizuri. Nikaingia darasa la nne asubuhi ile ile. Nilipogeuka dirishani niliwaona wanarudi njia ya mkonge, wanakwenda pole pole, na Bibi anazungumza kwa mikono miwili, amerudi kuwa Bibi yangu.

Bibi ametangulia mbele ya haki zamani sasa, Mungu amrehemu. Mwalimu Naemi alirudi Lushoto mumewe alipostaafu, na siku ya kuondoka Bibi alimfungia ile sahani nyeupe ndani ya kanga, akampa. Mwalimu yupo bado, Mungu ampe umri, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Nikimtumia ujumbe wa simu mjukuu wake anamsomea, na wanangu wananicheka kwamba mimi peke yangu duniani ndiye ninayetia nukta kwenye ujumbe wa simu. Wacha wacheke. Mahakamani mtu anasimama na shida yake, anasema maneno ambayo labda hatayasema tena, na ninayeyaweka kwenye karatasi ni mimi. Mabosi wangu wamezoea kwamba Zuhura hakimbizwi. Hawajui kwamba moyoni nina sahani mapajani.

Basi juzi, biriani limeshanyunyiziwa na watu wameanza kupakua, nilibaki na kikombe chenye nyuzi chache chini. Nikatia maji kidogo, nikazungusha, yakawa njano. Nikawataja wote wawili kwa majina, mmoja kwa rehema na mmoja kwa umri, nikanywa mpaka tone la mwisho. Binti mdogo wa kaka yangu alikuwa amesimama pembeni na sinia, ananitazama. Akaniuliza, "Shangazi, unaumwa?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, siumwi. Nadurusu.